Somo, Darasa na Bendi: Mzazi wa Mombasa Analipia Nini Hasa?

Tangazo huwa la mstari mmoja: "Masomo ya muziki kwa watoto, Jumamosi asubuhi." Utalikuta limebandikwa ukutani Tudor, limetumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi Nyali, au limesomwa kanisani Changamwe baada ya ibada. Mzazi anauliza bei, anauliza kama kibodi ipo au atanunua mwenyewe, kisha analipa. Haulizi ni somo la aina gani. Mkanganyo wote unaanzia hapo, kwa sababu chini ya jina hilo moja kuna mambo matatu yanayomjenga mtoto kwa njia tatu tofauti, na wengi wanalipia moja huku wakitarajia matunda ya jingine.

La kwanza ni somo la mtu mmoja: mwalimu na mwanafunzi wake, kwa kawaida nusu saa kwa wiki kwa mtoto anayeanza. La pili ni darasa la pamoja: watoto kadhaa, ala ya aina moja, kitabu kimoja, wote wanafanya zoezi lile lile. La tatu ni kundi lenyewe, liitwe bendi, kwaya, okestra au kundi la matari: watoto wanaopiga wimbo mmoja, kila mmoja ana sehemu yake, na sehemu ya huyu haikamiliki bila ya yule.

La pili na la tatu ndiyo yanayochanganywa zaidi, maana ukichungulia dirishani yote mawili ni chumba kilichojaa watoto wenye ala. Piga hesabu kidogo. Darasa la pamoja la watoto wanane, saa moja, kila mmoja na kibodi yake na spika za masikioni: mwalimu anazunguka, na kila mtoto anapata kama dakika saba za kuangaliwa vidole vyake. Zilizobaki yuko peke yake, hata wenzake hawasikii. Chukua sasa watoto wanane hao hao, wape wanne sauti ya juu, wawili sauti ya pili, mmoja besi, mwingine tari la kushikilia mwendo. Dakika sitini zote wanane wako kazini. Hata anayenyamaza anahesabu mapigo akingojea kuingia, na kule kungojea ni sehemu ya somo. Lile darasa la pamoja ni somo la mtu mmoja lililogawanywa ili bei ishuke, na kwa anayeanza si baya hata kidogo. Lakini mzazi asiambiwe kwamba mtoto "amejifunza kupiga na wenzake", kwa sababu hajapiga na wenzake.

Msimamo wangu ni huu, na nitautetea: kupiga kwenye kundi ni nusu ya mafunzo yenyewe, tangu miezi ya mwanzo. Wengi wetu tumezoea kulifanya kama zawadi ya wale waliokwisha kujua. Mtoto anaambiwa asome peke yake miaka minne, akiiva ndipo aingizwe bendi. Wengi hawafiki. Wanaacha wakiwa na miaka kumi na miwili, na mara nyingi wanaacha kwa upweke, kwa kuwa ala imekuwa adhabu ya chumbani kila jioni.

Kuna jambo la kiufundi pia ambalo wazazi wasiopiga ala hawalioni. Mtoto anayefanya mazoezi peke yake akikosea husimama, akarudi nyuma, akarekebisha, akaendelea. Kwa mazoezi ni sawa, na ndivyo inavyopaswa. Ubaya ni kwamba kusimama nako kunakuwa tabia ya mkono. Baada ya mwaka mmoja anajua kupiga wimbo wenye mashimo ishirini na hajui kuwa una mashimo, kwa sababu hakuna aliyekuwa akienda mbele bila yeye. Mweke sasa karibu na wenzake wanne. Anakosea, anasimama, na wimbo unampita. Siku ya kwanza atatazama juu kwa mshangao. Wiki ya tatu atakuwa amejua kuacha nota mbili, kusikiliza wenzake wamefika wapi, na kurukia pigo la kwanza la mstari unaofuata. Kule kurukia mwalimu wa peke yake hawezi kukufundisha vizuri, hata awe hodari vipi, maana yeye atakusubiri. Wenzako hawasubiri.

Upatanifu wa sauti uko hivyo hivyo. Kibodi inakuja imeshapatanishwa kiwandani. Mtoto wa kibodi anaweza kupiga miaka mitano bila kujiuliza kama sauti yake imekaa juu au chini. Lakini rekoda ukiipuliza kwa nguvu sauti inapanda, ukiipuliza kwa unyonge inashuka. Fidla haina vigawanyo vya kuonyesha kidole kiweke wapi. Rekoda nne zikipiga nota moja pamoja, mtoto anasikia mtetemeko ule wa sauti zinazogombana, na sikio lake lenyewe linaanza kumtuma apunguze pumzi. Unaweza kumweleza kwa maneno mwezi mzima asielewe, kisha akaelewa kwa nota moja ndefu iliyoshikwa na watu wanne.

Kinachonishangaza ni kwamba mji huu hauhitaji kufundishwa jambo hili kutoka nje. Pwani imekuwa ikilea watoto katika makundi ya muziki kwa muda mrefu kuliko shule yoyote ya kibodi. Tazama maulidi. Vijana wa madrasa wanaopiga matari hawakuanza kwa somo la mtu mmoja. Mtoto anakaa pembeni, anaitikia kiitikio, anapiga makofi, siku moja anapewa tari la kushikilia pigo la kawaida lisilobadilika. Mwenye kupambapamba ni mkubwa wake. Akizoea, anapanda. Kwenye chakacha la arusini ngoma zimegawana kazi waziwazi: vumi iko chini na uzito wake, msondo na chapuo zinajibizana juu yake, na nzumari inapita juu ya zote. Ukienda Kwale kwa Wadigo na Waduruma, sengenya ina safu ya ngoma zilizopangwa kwa sauti, na kila mpigaji anajua nafasi yake iko wapi. Hii ni okestra kamili, yenye wepesi kwa anayeanza na ugumu kwa aliyebobea, wote wakifanya kazi wimbo mmoja saa moja. Wataalamu wa elimu ya muziki duniani wanatumia kurasa nyingi kueleza namna ya kupanga kundi lenye viwango mchanganyiko. Hapa limepangwa tangu mababu.

Hata bendi ya matarumbeta si ngeni kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilizaa beni, ngoma iliyochukua gwaride na ala za bendi za kijeshi ikazifanya mali ya mtaa. Mombasa palikuwa na mahasimu wawili, Kingi na Scotchi, wakishindana kwa mavazi, gwaride na muziki. Upande wa pili wa maji, Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa utumwani, muziki wa kanisa uliingia pamoja na mafunzo ya shule. Kutoka pwani beni ilisambaa mpaka Tanganyika na zaidi.

Halafu kuna taarabu. Udi wa Zein l'Abdin, sauti ya Juma Bhalo, mlio wa tashkota, ala ya nyuzi yenye vibonyezo, kwenye kundi la Zuhura Swaleh: hawa walikuwa watu wa vikundi. Udi unaweka msingi, fidla inajibu mstari wa mwimbaji, harmonia inajaza, dumbak na rika zinashikilia mwendo. Mtoto anayesikiliza taarabu ya Mombasa anasikiliza mafunzo ya namna ya kumpisha mwenzako apite.

Sasa mtoto huyu, aliyelelewa na sauti hizi, anaingia darasa la muziki la kisasa. Yapo mambo mawili ambayo darasa hilo humharibia bila kukusudia, na yote mawili ni makosa ya mpangilio, yanaweza kurekebishwa.

La kwanza ni mwendo. Vitabu vya mitihani vinavyotumika sana nchini vimeandikwa Uingereza, na huanza na mapigo mawili, matatu au manne ya kwenda moja kwa moja. Mapigo yanayogawanyika tatu tatu, yaani 6/8 na jamaa zake, katika nadharia ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, yanaingia gredi ya tatu, yakiitwa mapigo ya mchanganyiko, kana kwamba ni jambo la kupandia ngazi. Lakini chakacha liko hapo hapo! Mtoto wa Majengo wa miaka sita anapiga makofi ya 6/8 bila kufikiri, tena anaweza kuyasikia kama mbili na kama tatu kwa wakati mmoja. Mwalimu mwenye busara ataanza na alichonacho mtoto, ampe wimbo wa arusini apige makofi, amwonyeshe unavyoandikwa, na gredi ya tatu ikifika itakuta kazi imeshaisha.

La pili ni sikio. Mtoto anayekwenda chuoni na kusikia Kurani ikisomwa kwa Bayati au Rast, mifumo ya sauti ya Kiarabu, amezoea nafasi za sauti ambazo kwenye piano hazipo. Zinaangukia kati ya kibonyezo na kibonyezo. Mwalimu wa piano asiyejua hili anamsikia akiimba na kumwambia ametoka nje ya sauti. Hajatoka. Yuko mahali ambapo udi na fidla vinafika na piano haifiki. Sikio hilo ni hazina, na anayeliita kosa anamfundisha mtoto kutojiamini kwa jambo ambalo wanafunzi wa ng'ambo hulisomea miaka.

Na hapa lazima niguse dini, kwa sababu Mombasa huwezi kuzungumzia watoto na ala ukaikwepa. Kuna nyumba ambazo ala za nyuzi na za upepo haziingii, ila tari linaruhusiwa. Kuna ambazo hata tari lina wakati na masharti yake. Na kuna nyumba za Mji wa Kale ambazo udi umerithiwa kutoka kwa baba na babu. Si kazi ya mwalimu wa muziki kumtolea mzazi fatwa. Kazi yake ni kuuliza kabla, kwa heshima, na kuwa na njia ya kweli kwa mtoto ambaye nyumba yao haitaki ala: kuimba na tari vinatosha kufundisha mwendo, kuingia na kutoka, sauti moja iliyonyooka, hata sehemu tatu zinazopishana. Mtoto wa namna hiyo asiwekwe kama mgeni aliyekosa vifaa. Apewe sehemu yenye uzito.

Turudi kwenye jambo linalowasumbua wazazi kuliko yote, gredi. Mzazi akikutana na mzazi mwenzake swali ni moja, "Wako yuko gredi ya ngapi?" Basi tujue gredi inapima nini. ABRSM, iliyoanza mwaka 1889, ina gredi nane kuu. Mtihani wake wa vitendo wa kawaida una alama 150: vipande vitatu vya muziki, kila kimoja 30, skeli (ngazi za sauti) 21, kusoma nota usizowahi kuziona 21, na mtihani wa sikio 18. Ukipata 100 umefaulu, 120 ni vizuri zaidi, 130 ni daraja la juu kabisa. Trinity, bodi nyingine ya London, ina hesabu ya 100, na kufaulu ni 60. Pia ABRSM ina kizingiti: kabla ya kufanya mtihani wa gredi ya sita kwenda juu, lazima uwe umefaulu nadharia ya gredi ya tano au mbadala wake. Wapo wazazi wanaoligundua hili mwezi wa usajili, mtoto akiwa na vipande vyake tayari na nadharia hajawahi kuifungua. Uliza mapema.

Utaona kwamba karibu yote yanampima mtoto akiwa peke yake. Mpiga fidla au tarumbeta anasindikizwa na piano, ndiyo, na kule kusindikizwa ni kundi dogo la watu wawili. Walimu wanaomleta msindikizaji siku chache kabla ya mtihani wanapoteza nafasi nzuri. Lakini mtoto wa piano anaweza kufika gredi ya tano bila kupiga na mtu yeyote hata siku moja. Cheti ni cha halali na kazi aliyofanya ni ya kweli. Ila ukimweka kwenye kwaya asindikize nyimbo mbili, anapotea kwenye ubeti wa pili.

Siwapingi wenye mitihani. Mtihani unampa mtoto tarehe, na tarehe inamfanya afanye mazoezi. Ninachopinga ni ule mtindo wa gredi kila mwaka bila pumzi: mtoto anapiga vipande vitatu kuanzia Januari mpaka mtihani, anafaulu, anaanza vitatu vingine. Kwa miaka mitano amejua nyimbo kumi na tano. Kijana wa bendi ya kanisa, asiye na cheti hata kimoja, katika muda huo amepitia mamia, nyingine kwa kubahatisha. Mwaka mmoja wa gredi, mwaka mmoja wa kupiga nyimbo nyingi na wenzake, ni mpango ambao nimeona watoto wakistawi nao.

Sasa tuingie kwenye fundo lenyewe, maandishi. Mombasa watoto wanafundishwa muziki kwa njia tatu zinazoishi mtaa mmoja bila kuzungumza. Kuna wanaofundishwa kwa sikio: chuoni, arusini, kwenye bendi za makanisa mengi. Kuna wanaosoma solfa, zile herufi d r m f s l t zilizogawanywa kwa nukta na mistari, njia iliyoenezwa Uingereza karne ya 19 na John Curwen na ikaletwa Afrika na wamishonari. Kwaya zetu nyingi za shule na kanisa zimeilea mpaka leo. Na kuna wanaosoma nota kwenye mistari mitano.

Kwenye solfa za kwaya, do inahama. Ukiimba wimbo juu au chini, do inakwenda nao, kwa sababu herufi zinaonyesha uhusiano wa sauti. Ndiyo maana kwaya inasoma solfa haraka ajabu: sauti ya binadamu haina vibonyezo, inahitaji uhusiano tu. Nota za mistari mitano zinaonyesha sauti yenyewe, na ala inahitaji hilo kwa sababu kidole kina mahali pa kwenda. Mtoto aliyetoka kwaya ya shule akaanza rekoda anaposhindwa "kusoma muziki" huwa anasoma vizuri kabisa, ila kwa mwandiko mwingine. Mwalimu akimwandikia do, re, mi chini ya nota kwa wiki chache, daraja linajengeka. Kumwambia asahau solfa ni hasara kubwa, maana zile herufi zitamsaidia siku atakapotakiwa kuhamisha wimbo kwenda kii nyingine, yaani kuanzia sauti nyingine, akiwa amesimama.

Na atatakiwa, kwa sababu ya jambo hili: Dada anapiga piano, kaka ananunuliwa tarumbeta. Jioni wanachukua kitabu kimoja, ukurasa mmoja, wanaanza pamoja. Matokeo yanaumiza masikio. Kila mmoja anamlaumu mwenzake, mama anadhani tarumbeta ni mbovu. Hakuna aliyekosea. Tarumbeta ya kawaida ni ya B-flati (flati ni nota iliyoshushwa nusu toni, shapu ni iliyopandishwa): mpigaji anaposoma C, inayotoka ni B-flati ya piano, toni nzima chini. Klarineti ya kawaida ni hivyo hivyo. Saksafoni ya alto ni ya E-flati: akisoma C inatoka E-flati. Ala hizi zilitengenezwa kwa saizi mbalimbali, na mwandiko ukapangwa ili mpigaji atumie vidole vile vile akihama kutoka saizi moja kwenda nyingine. Kwake ni rahisi. Ni kundi linalohitaji kupangiwa kurasa tofauti. Wimbo ukiwa kii ya C kwenye piano, tarumbeta lazima iandikiwe kii ya D, na saksafoni ya alto kii ya A.

Kwa hiyo kii ya kwanza ya kundi la watoto haichaguliwi ovyo. Fidla za wanaoanza hupenda D na A, kwa kuwa nyuzi zake zilizo wazi ni G, D, A na E. Ala za upepo hupenda upande wa pili, kii zenye flati. Ukimpendelea mpiga fidla kwa kuchagua A, mtoto wa tarumbeta anapewa kii ya B yenye shapu tano na anakata tamaa siku ile ile. Kii ya F ndiyo suluhu niipendayo kwa kundi mchanganyiko: piano na rekoda wana flati moja, tarumbeta anasoma G yenye shapu moja, saksafoni anasoma D yenye mbili, fidla anajifunza nafasi chache mpya za vidole. Mwalimu anayefundisha kundi akiulizwa swali hili na asiwe na jibu, hajawahi kuliandalia kundi karatasi zake mwenyewe.

Kuhusu ala ya kuanzia nitapita haraka. Piano na kibodi miaka mitano sita inatosha. Kibodi ya vibonyezo 61 inafaa kuanzia, ila mtoto anayelenga piano ataihitaji yenye 88 na vibonyezo vizito mapema kuliko muuzaji anavyosema. Fidla zina saizi za watoto, robo, nusu, robo tatu, na mtoto akipewa kubwa kuliko mkono wake ataumia. Tarumbeta ingoje meno ya mbele ya utu uzima yaote, kama miaka minane au tisa. Rekoda shule nyingi zimeshamnunulisha mzazi kwa mtaala wa umilisi. Isitupwe kabatini, ni ala kamili. Udi una mashabiki wengi hapa kuliko walimu wa watoto, na hilo linaniuma. Zanzibar wamekuwa na chuo chao cha muziki wa nchi za jahazi, DCMA, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kinachofundisha udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na fidla ya taarabu kwa mpangilio, na Mombasa ina kila sababu ya kuwa na chake.

Pwani pia ina adui wake, hewa. Chumvi inatafuna nyuzi za chuma za gitaa kwa wiki chache zisipofutwa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Unyevu unavimbisha mbao, vigingi vya fidla vinakwama, na gundi ya asili inayoshika udi na fidla inalainika ikiachwa kwenye buti ya gari juani. Ngozi ya ngoma inalegea mvua za masika zikianza, ndiyo maana wapigaji huipasha moto au kuianika kabla ya kupiga. Watoto wafundishwe kufanya hivyo wenyewe. Kundi likianza mazoezi saa nne asubuhi, ngoma zianikwe saa tatu.

Shuleni kuna Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, na kwa watoto wengi ndiyo jukwaa la kwanza na la pekee. Linastahili heshima: ngoma zetu, kwaya na ala vimehifadhiwa na walimu wanaobaki shule mpaka jioni bila malipo ya ziada. Udhaifu wake ni kwamba kipande kimoja kinanyooshwa muhula mzima kwa ajili ya dakika chache mbele ya waamuzi, na likiisha, kundi linavunjika mpaka mwakani. Shule ambayo kundi lake linaendelea kukutana hata baada ya kushindwa katika kaunti, hiyo ndiyo ya kumpeleka mtoto. Na sasa sekondari ya juu ina njia ya sanaa na michezo miongoni mwa njia zake tatu, kwa hiyo kundi la shule linaweza kuwa maandalizi ya masomo yenyewe.

Basi kabla hujalipa, muulize mwalimu mtoto atapiga na nani, na lini kwa mara ya kwanza. Akisema "akiiva", muulize ni mwezi gani. Muulize kama huandika sehemu nyepesi kwa wanaoanza, na omba kuiona moja. Sehemu nzuri ya anayeanza inaweza kuwa na nota mbili tu, ila zimewekwa mahali ambapo zikikosekana wimbo unapwaya. Uliza kundi lina watoto wangapi na nani hushika mwendo, mwalimu kwa makofi au mtoto kwa tari. La pili ni bora zaidi. Na keti usikilize mazoezi mara moja. Ukisikia mwalimu anasimamisha kila kosa, hapo hamna kundi, mna masomo manane ya mtu mmoja yanayofanyika kwa zamu.

Usipopata kundi karibu nawe, lianzishe. Watoto wawili wanatosha, wanne ni raha. Mwenye kibodi ashike besi kwa mkono wa kushoto peke yake, mwenye rekoda apige wimbo, mwenye gitaa apige kodi mbili (nota kadhaa kwa pamoja), mdogo wao ashike tari. Chagueni wimbo ambao wote wanaujua kwa mdomo, wauimbe kwanza mpaka mwisho bila ala, kisha waupige kii ya F, polepole kuliko wanavyotaka. Mzazi mmoja ahesabu "moja, mbili, tatu, nne" kabla ya kuanza, asihesabu tena. Wakipotea, waache watafutane. Baraza lolote Kibokoni au kivuli cha mwembe Kisauni panafaa, Jumamosi baada ya chuo au Jumapili baada ya ibada, dakika arobaini na tano. Wiki nne za mwanzo zitakuwa na kelele, na jirani aombwe radhi mapema. Wiki ya tano waongezeeni mtu wa tano, awe ni anayeanza kabisa, apewe nota zake mbili.